Udongo Mkononi mwa Majaliwa

Ilitangazwa, na tangazo likagongwa mhuri mara mbili ili lisije likatiliwa shaka, kwamba uchawi haupo. Haupo kwa sheria, haupo kwa sayansi, na hautavumiliwa. Ilitangazwa pia kwamba katika zama hizi za soko huria kila mwananchi yu huru na salama, yeye, familia yake na mikorosho yake. Na kwamba yeyote atakayejidai kumtambua mchawi atachukuliwa hatua kali, kwa kuwa haiwezekani kukitambua kitu kisichokuwepo. Karatasi hiyo ilisomwa mwezi Juni mwaka 2003 mbele ya wakulima wa kijiji kimoja kilicho mbele kidogo ya Mnyambe, ambacho jina lake wenyewe wasingependa litajwe. Kisha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kwa uji wa muhogo, maana gundi ilikuwa imekwisha.

Majaliwa alikuwa amekaa nyuma, na alipiga makofi kuliko wote. Makofi aliyaweza. Hupigwa viganja vikiwa wazi. Kilichomsumbua maisha yake yote kilikuwa ngumi, tena si kuifunga. Kuifungua.

Jambo hilo lilimwanza utotoni. Akishika mpini wa jembe asubuhi, vidole vilifunga na kukaa hivyo hivyo, kama vimesahau kazi inayofuata. Akilima matuta mawili, mkono ulipata joto na kulegea, akawa mtu kama watu wengine. Kule jandoni, likumbi kama wasemavyo wenyewe, aliambiwa aachie fimbo asiachie, na walimu wa jando wakamchapa kwa ukaidi mpaka mgongo ukachanika. Alipona mgongo. Fimbo alikuwa ameshaiachia zamani, kabla hawajamaliza kumchapa, lakini hakuna aliyeangalia.

Mama yake, Pili, alikuwa na mkono wa namna hiyo, ila kwa uchache. Alisinzia mchana, kope zilimwanguka, na kabla hajafikisha miaka arobaini macho yake yaliingia ukungu. Kijiji kilimwita mvivu, likiwa ndilo jina la heshima zaidi kati ya yaliyofikiriwa.

Majaliwa alijifunza kuishi na jambo lake kama mtu anayeishi na jirani mkorofi. Kabla ya kutoka nyumbani aliota moto jikoni, akifunga na kufungua viganja. Watu akawasalimu kwa kuweka mkono kifuani, na kwa sababu hiyo akahesabiwa mcha Mungu. Na pale mkono ulipomshinda mbele za watu, aliuficha ndani ya nguo akangoja. Siku ya harusi yake aliushika mkono wa Faidha mbele ya shehe, asiuachie hadi watu wakaanza kucheka.

"Baba wee, chumba kipo," shangazi yake Faidha alisema. "Hakihami."

Faidha alidhani ni mapenzi. Alipojua ni nini, walikuwa wameshazoeana, akaona hakuna haja ya kurudi kwao kwa ajili ya vidole. Alichofanya ni kuhesabu. Siku ya joto, mkono wa mumewe ulifunguka akifika kumi. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya uwanda wote wa Newala, alihesabu hadi arobaini. Haukuwahi kupita arobaini. Hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote katika maisha ya Majaliwa, na waliokuwa nayo walikuwa watu watatu: yeye, Faidha, na binti yao Shakila, ambaye kufikia miaka kumi na minne mkono wake ulikuwa mbaya kuliko wa baba, na darasani alilala usingizi kama mtu aliyelima usiku kucha.

Enzi za ushirika, mkono ule haukuwa na madhara. Korosho zilipimwa polepole kiasi kwamba mtu angeweza kushika gunia asubuhi akaliachia alasiri, na karani asigundue. Karani mwenyewe alikuwa Nikolao, mtu wa sauti nzuri na kalamu nyekundu. Ulipokuja uhuru wa soko, wanunuzi binafsi wakajaa na Nikolao akapunguzwa kazini. Naye akajikomboa. Alinunua mkia wa nyumbu, akakata leseni ya biashara, na kuanza kuzunguka vijijini, Masasi hadi Newala, akiwatambua watu. Aliwanyoa nywele, akawachanja kwa wembe kifuani na utosini, akawanywesha dawa. Mwaka uliotangulia alimchanja bibi mmoja wa kijiji cha jirani, na bibi akafa siku ya tatu. Nikolao alieleza kwamba bibi yule alikuwa mchawi zaidi ya ilivyokadiriwa. Baada ya tangazo la Juni aliacha kujiita mtaalamu. Akajiita mshauri.

Sasa, Novemba iliyotangulia tangazo, Majaliwa alikuwa amegombana na kijana Mujibu, mchuuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bakuli badala ya mizani. Bakuli la Mujibu lilikuwa na tumbo, likimeza korosho nyingi kuliko lilivyoonekana. Majaliwa alilishika ukingoni ili awaonyeshe watu hilo tumbo, na mkono ukafunga.

"Achia bakuli, mzee."

"Naachia."

"Mbona huachii?"

"Nimekwambia naachia!"

Watu waliona wawili wale wakivutana bakuli kama watoto na muwa. Mujibu alicheka, akasema mzee huyu ataondoka na mkono wangu siku moja. Miezi minane baadaye, Mujibu alipanda juu ya lori lililobeba magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho, lori likapiga kona, naye hakuipiga. Shingo ilivunjika. Kwa hesabu ya kawaida, miezi minane ni mingi mno kuunganisha bakuli na lori. Msibani hesabu ya kawaida haikupata mtu wa kuisimamia.

Walimzika asubuhi, ukungu bado mzito. Mwili uliposhushwa na mbao kupangwa, wanaume walisogea kaburini mmoja mmoja, kila mtu achote udongo kwa mkono na kuutupa ndani, mara tatu. Majaliwa hakuwa ameota moto. Msibani mtu haulizi kama jikoni pana nafasi. Akainama, akachota udongo mbichi wa baridi, akanyoosha mkono juu ya kaburi, na mkono haukufunguka.

Hapo ndipo alipokosea. Angesimama tu akangoja, pengine angeonekana mtu mwenye huzuni. Lakini alifanya alivyozoea kwa miaka thelathini: aliuingiza mkono ndani ya kanzu na kurudi nyuma, udongo wa maiti ukiwa ndani ya ngumi. Na kila mtu wa uwanda ule, Mwislamu au Mkristo, anajua anayeondoka makaburini na udongo anakwenda kuufanyia nini.

Sadallah, kaka yake marehemu, ndiye aliyeona.

"Mzee Majaliwa. Umechukua nini hapo?"

"Sijachukua kitu, mwanangu."

"Toa mkono."

Akautoa. Ngumi ilikuwa imefunga, udongo ukichungulia katikati ya vidole.

"Fungua."

"Utafunguka."

"Utafunguka? Kwani una akili zake wenyewe? Fungua!"

Faidha, aliyekuwa na wanawake nje ya makaburi, alisikia neno lile akajikuta anahesabu. Alikuwa amefika kumi na tano mpini wa koleo ulipotua kwenye kiwiko. Kumi na nane, Majaliwa alikuwa chini. Mtu mmoja alimkanyaga shingoni na mwingine akaulaza mkono wake juu ya jiwe, na Sadallah akaanza kuuponda kama mtu anayevunja bonge la udongo mkavu, bila haraka, akisema kila mara, fungua, fungua. Kidole cha shahada kilivunjika kwa mlio wa kijiti. Cha kati kikafuata. Meno mawili yalibaki kwenye majani. Waliokuja kuzika walimpiga kwa viatu vyao vya kuzikia, na waliokuwa hawana viatu wakatumia visigino.

Faidha alipofika arobaini, ngumi ikafunguka, kama kawaida yake. Sadallah alisema ni mpini ulioifungua. Udongo ukazolewa kwa heshima na kufungwa kwenye kitambaa kama ushahidi, na mazishi yakaendelea.

Faidha na Shakila walimpakia kwenye baiskeli ya kukodi, kisha kwenye lori, mpaka hospitali ya misheni upande wa Masasi. Huko walimkuta Daktari Theodora, dada mfupi wa miwani, ambaye alifunga vidole, akashona kichwa, kisha akafanya jambo la ajabu. Aligonga kidogo nyama ya chini ya dole gumba la mkono mzima kwa kinyundo cha mpira. Dole likajikunja ndani na kukaa. Daktari akalitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Mama yako alikuwa hivi?"

"Alikuwa."

"Macho yake?"

"Ukungu. Na binti yetu pia, mkono wake." Faidha alimsukuma Shakila mbele. Dole la Shakila lilijikunja na kukaa muda mrefu zaidi.

"Vitabu vinasema ugonjwa huu ni nadra sana kwa Waafrika," daktari alisema. "Inaelekea hamkuvisoma."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza, kwa kuwa walikuwa wamepigwa kwa jambo hilo na alidhani wana haki ya kujua walichopigiwa. Kila chembe ya mwili, alisema, ina ofisi kuu katikati, na humo kuna daftari la kurithi ambalo halitoki nje. Maagizo hunakiliwa kwenye barua, iitwayo RNA, ipelekwe kiwandani. Lakini barua ikinakiliwa huwa ndefu, imejaa mistari isiyotakiwa. Basi wapo makarani. Hao ni protini ambazo kazi yao ni kuishika ile RNA, kuonyesha pa kukata na pa kuunga, na kuisindikiza mpaka mlangoni.

"Karani akikata pasipo pake?" aliuliza Majaliwa. Mdomo ulikuwa umevimba. Maneno yalitoka kwa zamu.

"Mwili unafuata alivyokata, baba. Haujui barua ya kwanza ilisemaje."

Kwake Majaliwa, alisema daktari, kuna barua moja iliyoandikwa neno moja tu mara mia kwa mia, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Makarani wakiipata wanaishika, na hawaiachii. Wamenasa wote pale. Barua yenyewe haitoki mlangoni, na nyingine zinapita bila karani, zikikatwa ovyo. Misuli inapata maagizo ya kutengeneza kilango cha mtoto mchanga badala ya cha mtu mzima, na bila kilango hicho hailegei upesi. Na kila kizazi lile neno huongezeka, ndiyo maana Shakila ameumia kuliko baba, na baba kuliko bibi.

Majaliwa alifikiri sana. "Kwa hiyo ndani ya mkono wangu usioachia, kuna karani asiyeachia."

"Ndiyo."

"Ana leseni?"

Faidha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, kisha akalia. Kwa maana habari zilikuwa zimeshawafikia: Sadallah amemwita Nikolao. Anakuja Jumamosi kumnyoa na kumchanja Majaliwa, na Shakila pamoja naye, maana mambo hayo huenda kwa damu na hakuna ajuaye yanapokomea. Shakila, mwenye mwili dhaifu kuliko wa bibi yule wa siku ya tatu.

"Mwacheni mtoto hapa," alisema daktari.

"Tukimwacha watasema tumemficha, watachoma nyumba," alisema Majaliwa. "Andika, daktari. Weka mhuri. Watu wetu wanaamini karatasi. Hata serikali imesema jambo hilo halipo."

Mtu aliyekaa miaka ishirini kwenye foleni ya ushirika huondoka na imani hiyo, na hakuna dawa yake. Theodora akaandika:

"Kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Nimempima ndugu Majaliwa. Mkono wake ukishika hauachii upesi. Huu si uchawi. Ni ugonjwa wa misuli. Protini zinazopaswa kuishika RNA na kuikata sawasawa zimenaswa, hivyo misuli hupata maagizo yasiyofaa. Waganga wa kienyeji hawawezi kuutoa, na kumchanja kunaweza kumuua. Aliurithi kwa mama yake. Inawezekana binti yake anao pia, tena kwa ukali zaidi. Hauambukizi, wala haumdhuru mtu mwingine yeyote. Naomba mkutano uwalinde wote wawili."

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa mbele ya ofisi. Tangazo la Juni lilikuwa bado mlangoni, mbuzi wamelamba pembe moja kwa ajili ya uji. Mwenyekiti aliipokea barua kwa mikono miwili, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu. Miwani yake ilikuwa imevunjika tangu Ramadhani. Akatafuta msomaji hodari, na msomaji hodari alikuwa mmoja tu, amesimama kando na mkia wa nyumbu kwapani.

"Mheshimiwa mshauri, hebu tusaidie."

Nikolao aliishika barua. Akaipitia yote kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akipitia stakabadhi. Kisha akaisoma kwa ile sauti yake nzuri, kidole kikiruka hapa na kutua pale:

"'Nimempima ndugu Majaliwa. Mkono wake ukishika hauachii. Waganga wa kienyeji hawawezi kuutoa. Aliurithi kwa mama yake. Binti yake anao pia, tena kwa ukali zaidi.' Mwisho wa kunukuu. Na mhuri huu hapa."

Hakuongeza neno hata moja. Yote yalikuwa ya daktari.

"Anao nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Daktari ni mtu msomi," alisema Nikolao. "Hakupenda kuutaja."

"Soma na katikati!" Majaliwa alipiga kelele. "Mzee mwenzangu, soma katikati!"

"Katikati ni maneno ya kitaalamu," Nikolao alimjibu kwa upole, akaikunja barua na kuitia mfukoni.

Jiwe la kwanza lilimpata Majaliwa sikioni. Vijana wa Sadallah walimwangusha, wakamburuta kwa miguu hadi nyumbani kwake, kichwa kikigonga kila shina njiani, kwa kuwa shughuli ya kunyoa hufanyika kwenye ua wa mhusika. Faidha alipigwa kofi la uso na mchi wa mgongo. Kuku walikanyagwa. Shakila walimkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, wawili wakamshika mabega, na Nikolao akaanza na wembe utosini. Hakunyoa vizuri. Nywele zilitoka na ngozi, damu ikashuka kwenye nyusi, na msichana, ambaye misuli ya uso wake ilikuwa imechoka tangu utotoni, alilia bila sura kubadilika. Watu wakaona hilo nalo kuwa ni ushahidi. Chungu cha dawa kilikuwa tayari kando, chenye rangi ya maji ya tope.

Wembe ulipohamia kifuani, Majaliwa alijinyanyua kutoka alipokuwa. Hakuna aliyekuwa amemshika, walidhani amekwisha. Alimfikia Nikolao kwa magoti na kumkamata mkono wa wembe, kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Ilikuwa asubuhi ya baridi.

"Niachie!"

"Sina haraka," alisema Majaliwa.

Ngumi ilifunga juu ya ngumi, na wembe ulikuwa ndani. Nikolao alipiga ukelele ambao hakuna mteja wake aliyewahi kuupiga. Damu ikatiririka hadi kwenye viwiko vya wote wawili. Walioshika mabega ya Shakila waliacha mabega wakaja kumvua mshauri wao, na Faidha, aliyekuwa chini akihesabu, alijua ana arobaini. Alimkamata binti yake, akapita nyuma ya choo, akaingia kwenye mikorosho.

Walimpiga Majaliwa kwa mchi, kwa mpini, kwa matofali. Mbavu zilivunjika upande mmoja, kisha zikasawazishwa upande wa pili. Hesabu ilipofika arobaini alihisi vidole vinataka kufunguka, akavikaza upya. Kila akivikaza vilidumu muda mfupi kuliko mara iliyopita, kwa kuwa mkono ulikuwa unapata joto. Ndiyo tabia ya ugonjwa ule, kwamba kadiri unavyoshika ndivyo unavyopona. Alivikaza mara sita. Mara ya saba mkono ulifunguka vizuri kabisa, kama wa mtu yeyote, na Sadallah akampiga kwa jembe nyuma ya kichwa.

Faidha na Shakila walitembea ndani ya mashamba hadi barabarani, wakapata lori la muhogo. Shakila anaishi Masasi sasa, kwa Daktari Theodora. Utosini kuna kovu pana ambapo nywele hazioti. Anajua kuieleza RNA kuliko wanafunzi wengi wa sekondari, na asubuhi za baridi huota moto kabla ya kumsalimu mtu.

Mwisho wa mwaka, ofisi ile iliyotoa tangazo ilikusanya takwimu zake. Waliofariki kwa tuhuma za uchawi katika kipindi husika: hakuna. Waliofariki kwa ajali za shambani: mmoja, mwanamume, umri miaka arobaini na sita, kuangukiwa na mkorosho uliokuwa unakatwa.

Mikorosho ya Majaliwa ilikatwa Jumatatu. Yeye alizikwa Jumapili.